Kuta Sitini na Tatu, Jina Moja

Ramani ya mji wa Ilungwe nimeichora mimi, yote, kwa mkono wangu huu wa kulia. Basi, tuseme nusu. Ukikutana na Mwalimu Eliwaza atakwambia ni barabara moja tu, tena ile iliyonyooka, na kwamba hata hiyo aliisahihisha yeye. Usimsikilize sana. Ila kwa hili, kwa bahati mbaya, anasema kweli.

Barabara yenyewe ndiyo ya maana. Ni Barabara ya Mbao, inatoka kiwanda cha kupasulia magogo hadi zahanati, na ina milango sitini na tatu. Nimetembeza maandazi kwenye barabara hiyo miaka arobaini na moja, na sasa nina kibanda changu mwanzoni mwake. Na Ilungwe, kwa asiyepajua, ni mji unaokaa ndani ya wingu. Kuanzia Mei hadi Agosti ukungu unashuka mpaka ukinyoosha mkono unajiuliza kama vidole bado viko vitano. Ndiyo maana huku kila mtu ana kipuli sikioni, hata mwenye macho mazima. Ukipita mlangoni, kipuli kinaisoma ramani na kukunong'oneza uko wapi. Vigari vya mizigo, vile visivyo na dereva, vinasikiliza ramani hiyo hiyo.

Ramani ni ya wote. Yeyote anaandika, yeyote anafuta, na kila mstari unabaki na jina la aliyeuandika, siku na saa. Hilo la mwisho nililipigania mimi. Nilitaka kumjua aliyeandika kwamba maandazi yangu yanafaa kujengea.

Sasa, asubuhi moja ya mwezi wa tano nilijitwika beseni nikapita nilipopita siku zote. Kipuli kikaninong'oneza, "Ng'aro." Nikasema sawa, wamefungua ofisi. Hatua tisa mbele, "Ng'aro." Hatua saba, "Ng'aro." Nilipofika mlango wa kumi na mbili nikakivua, nikakipuliza, nikidhani kimeingia unga.

Ng'aro ni kampuni ya rangi. Walikuja wiki iliyotangulia na ngazi zao, wakatupaka maduka yote bure, zambarau na mkanda wa manjano. Rangi yao inakunywa mwanga, hata ule mwanga wetu mchafu wa ukungu, halafu inatoa umeme ndani ya ukuta. Nani angekataa? Na kupakwa tumezoea. Tangu enzi za mama zetu makampuni ya soda na ya simu yalitupaka, jina lao kubwa kama ng'ombe, la mwenye duka dogo kama kupe chini ya mkia. Hakuna aliyewahi kuingia dukani akadhani mwenye duka ni soda. Macho yetu yalijua kuruka lile kubwa na kusoma lile dogo.

Ila rangi ya Ng'aro ina chembe zinazotaja jina lake. Na nzige wa ramani, vile vidude vinavyoruka barabarani kila Jumatatu kusoma vibao, havijui kuruka kitu. Viliisikia Ng'aro mara sitini na tatu, vikaiandika mara sitini na tatu, kwenye mstari wa kwanza wa kila kadi, pale pa jina.

Siku hiyo hiyo kigari cha chanjo za vifaranga kilishushia mzigo wake kilabu cha ulanzi. Wanywaji waliupokea kwa heshima, wakauweka kwenye maji baridi, wakabaki wanabishana nani aufungue. Mwashi aliyevunjika mguu akapelekwa kwa Salvina anayeuza nyuzi za sweta. Salvina alimfunga mguu kwa uzi wa waridi, vizuri tu, halafu akakaa chini akalia.

Na Lidwina akapotea.

Lidwina Mgaya ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Macho yalimzima akiwa na miaka ishirini, na toka hapo anafuma sweta ambazo wenye macho wanazionea wivu. Miaka thelathini amekwenda Barabara ya Mbao peke yake, kwanza kwa fimbo, baadaye kwa fimbo na kipuli. Tarehe tisa Mei hakurudi. Mji mzima tulitoka. Saa tisa alasiri mimi nilikuwa nimezama matopeni hadi magoti katikati ya shamba la viazi, napiga debe na kuita jina lake. Saa kumi na moja tukamkuta kwa Otmari fundi saa, amekaa, kajifunika shuka.

"Nilipotea," akasema. "Kila mlango Ng'aro. Ningejuaje?"

Wiki mbili baadaye akapotea tena. Akapatikana tena kwa Otmari. Nikajisemea, angalau anapotelea mahali pamoja.

Jioni yake mwanawe Gaspari, mhandisi wa pampu huko Dar es Salaam, akatokea kwenye ile meza ya Lidwina inayoonyesha sura. Nilikuwepo, namenya viazi.

"Mama, ya tatu sitaisubiri kwenye simu. Ukipotea tena nakuja kukuchukua. Huku kuna lifti, ukiingia inakwambia uko ghorofa ya ngapi."

"Nyumba yangu haina ghorofa. Siwezi kuikosea."

"Mama."

"Na huko joto. Sweta nitamfumia nani, samaki?"

Gaspari hakucheka. Alipoondoka mezani, Lidwina akabaki anatafuta kitu kwenye kikapu cha nyuzi ambacho sidhani kilikuwemo. "Agripina," akasema, "nikienda kule nitakuwa mzigo uliopangwa vizuri kwenye rafu. Irekebishe hiyo ramani."

*

Mkutano tuliufanya Jumatano saa nne, ofisi ya kata. Wachora ramani saba, wenye maduka wasiohesabika. Mwalimu Eliwaza alikuwa mwenyekiti, amestaafu kufundisha lakini mdomo wake haujapata barua.

Kwa niaba ya Ng'aro akaja Wende Sanga. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimejifunga hata kile kitenge changu cha ugomvi. Akaingia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi. Kamwene." Nikamtambua: mjukuu wa Sanga wa mizani. Nilimlisha maandazi akiwa hana meno. Ni kazi ngumu kumchukia mtu uliyemwona bila meno.

"Kanuni ya ramani yenu inasemaje?" Wende akauliza.

"Andika kilichopo," akajibu Mwalimu.

"Ukutani kwa mama Salvina kipo nini?"

"Ng'aro."

"Basi nzige wamekosea wapi, Mwalimu?"

Mwalimu akaigeuza karatasi ya kanuni, kuona kama nyuma kuna kingine.

Salvina akasimama. "Mimi rangi siikatai. Mashine yangu ya kufuma ilikuwa imelala miaka mitatu, sasa inafanya kazi. Lakini juzi nimeletewa mguu."

"Mfute tu jina," mtu akasema nyuma.

"Mkifuta, kuta zitazima," akasema Wende. Akasema polepole, na nikaona halimfurahishi. "Mkataba unasema jina la Ng'aro lisomeke kwenye kadi ya kila jengo kwa miaka saba. Kila alfajiri ukuta unaiuliza ramani, nimo? Ukijibiwa haumo, unalala. Siyo mimi ninayezima. Hata nikitaka kuuzuia, sina kitufe."

Muuguzi wa zahanati akainua kalamu. "Friji ya chanjo iko kwenye ukuta huo."

Mwalimu akaitisha kura. Watatu wakasema lifutwe, watatu wakasema libaki. Kura ya saba ikabaki kwangu mimi wa darasa la saba, na wote wakanigeukia kama vile nimekanyaga kitu.

Nitasema ukweli, sikujua. Nikifuta, watoto wa Ilungwe watachanjwa dawa iliyoharibika au hawatachanjwa. Nikiacha, Lidwina anafungiwa virago. Na kulikuwa na la tatu lililonikwaruza zaidi. Tukishakubali kuandika jina kwa sababu tumepewa taa, mwakani atakuja mwingine na daraja la bure, atataka mto uitwe kwa jina lake. Na ule mto tulibatizwa ndani yake.

Lidwina alikuwa kiti cha nyuma, anafuma. Uzi wa kijani, nakumbuka. Akasema bila kuinua uso, "Wende, mwanangu, nikiingia kwa Salvina nikaomba Ng'aro, nitapewa nini?"

Wende akafikiri. "Hutapewa kitu, bibi. Atakuuliza unataka uzi gani."

"Basi hapo ni mahali pa uzi. Jina la mahali ni lile ukiingia nalo unatoka na ulichofuata. Rangi ni nguo. Mimi leo nimevaa sweta la bluu, hamniiti Bluu."

Watu wakaguna kwa kukubali.

"Na nitaongeza moja," akasema. "Kwenye kadi hizo nisikute uongo hata wa kuchovya kidole. Mwenye macho akidanganywa na ramani anatazama ukuta, anajua. Mimi nitatazama wapi?"

Alipigiwa makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, nikumbukeni hivyo mkifika mwisho.

Ila makofi hayawashi friji. Nikaomba kura yangu ingoje hadi Jumamosi, na nikaomba mkataba niusome nyumbani. Mwalimu akaniuliza kama nitauweza. Nikamwambia nasoma kwa kidole, neno baada ya neno, na mtu wa kidole haruki. Wanaoruka ni waliosoma sana.

*

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito. Nikamchukua Lidwina tukaenda mlango hadi mlango, yeye kushoto upande wa maduka, mimi na kibao cha ramani mkononi, naandika rasimu tu hadi kura iamuliwe. Tulikubaliana hivi: yeye aseme amekuta nini kabla mimi sijasema naona nini.

"Ngozi na gundi. Fundi viatu."

Nikaandika.

"Chuma kilichoungua. Kizingiti kirefu, kiliwahi kuniangusha. Kastori."

Nikaandika, na kizingiti pia.

Kadi ya ramani ina mistari sita, nitaieleza mara moja tu. Wa kwanza jina, ndio kipuli kinaoutaja ukipita; mingine hadi ukiamuru. Wa pili, kazi inayofanyika humo. Wa tatu, nani anapaendesha. Wa nne, chapa. Mstari huo ni wa duka lililo tawi la kampuni kweli, kama lile la benki, ambapo aliyeajiri na jina la mlangoni ni yule yule. Wa tano, mlango: uko wapi, unafungukaje, ngazi ngapi. Wa sita hakuna anayeuhangaikia, ni wa kuandika maji na umeme vya jengo vinatoka wapi.

Kila mwenye duka alikuwa na ombi lake. Mmoja alitaka tuandike rangi ya milango yake. Tukakataa, inabadilika. Saa za kufungua, sawa. Nambari ya kupiga, sawa. "Tunajali wateja," hapana, hilo mteja ataamua mwenyewe. Mwenye baa alitaka kadi iseme Paradiso ya Kimataifa. Nikamwambia watu wanapaita Kwa Mvujo.

"Lakini kibao changu kinasema Paradiso, bibi. Nimekilipia."

"Na bati lako linasema Mvujo," nikajibu.

Lidwina akatuamua. "Mgeni atauliza la kibao, mwenyeji atauliza Mvujo. Yaandikwe yote mawili, la kibao kwanza. Siku akiziba bati, la pili litajifia lenyewe."

Ilipofika zamu ya kibanda changu nikafuta kwa mkono wangu maneno "matamu kuliko yote hadi Makambako." Niliyaandika mwenyewe miaka sita iliyopita. Kufuta kulichukua muda.

Duka la Otmari Mlelwa tulilisikia kabla ya kulifika. Ana saa za ukutani zaidi ya arobaini, na kila moja ina maoni yake kuhusu ni saa ngapi. Zinagonga kama mvua kwenye sufuria.

"Mtu anawezaje kupotea hapa," nikasema.

"Ukungu unapotosha sauti," akasema Lidwina.

Otmari akatokea upande wa nyuma, nywele amezichana kwa maji. Ni mjane wa miaka mingi, mtu wa maneno machache. "Karibu, Agripina. Umeamkaje, Agripina." Otmari hakumsemesha Lidwina hata kidogo, kama vile nimekuja na fimbo tupu. Nikaona ni utovu wa adabu kwa mtu aliyemwokoa mara mbili.

Nikaandika jina, nikaandika kazi. Nilipofika mstari wa tano Lidwina akanivuta kanga. "Mlango wa hapa ulishaandikwa. Usirudie kazi. Twende, baridi inaingia mifupani."

Nikaruka mstari. Mimi, mtu wa kidole.

Ni pale nilipoteremka wa sita, nikiandika "umeme: Ng'aro" kwa mazoea tu, kalamu ikasimama. Nikautoa mkataba kifuani nikaupitia tena kwa kidole, palepale, saa arobaini zikinigongea. *Jina la Ng'aro lisomeke kwenye kadi ya jengo.* Kwenye kadi. Haukusema mstari wa kwanza. Walioandika mkataba walikuwa hawajui kadi ina mistari mingapi. Na umeme wa Otmari unatoka Ng'aro, hilo si uongo wala kujipendekeza. Ni kilichopo.

"Lidwina," nikasema, "nadhani nina akili."

"Tangu lini?"

Tukampigia Wende.

*

Alfajiri ya Jumamosi tulikaa watatu kibandani kwangu: Wende, Mwalimu na mimi. Nilijitolea ukuta wangu ujaribiwe kwanza. Nilisema kwa sauti mbele ya wenye maduka kwamba mimi si mwoga, mji ukiingia gizani niingie wa kwanza. Sikuwaambia kwamba nakaangia mkaa na nina taa moja.

Kadi yangu niliigeuza usiku wake. Mstari wa kwanza: Kwa Agripina. Wa pili: maandazi. Wa sita: umeme wa ukuta, Ng'aro.

"Sasa unauliza," akasema Wende, macho kwenye saa yake.

Taa ikazima.

Nilikuwa na mikono kwenye unga, nikaendelea kukanda kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Mwalimu akakohoa. Nikasikia Wende anasema chini kwa chini, "Soma hadi chini, soma hadi chini," kama anayemfundisha mtoto. Nikafikiria ile friji. Nikafikiria begi la Lidwina, lile la kahawia lenye zipu mbovu.

Taa ikawaka.

Wende akakaa juu ya gunia langu la unga, akatoka na makalio meupe, akawa anacheka huku anajifuta macho. Shangazi yake ana duka mlango wa hamsini. Sikuwa nimekumbuka hilo.

"Ofisini kwenu wakijua?" Mwalimu akauliza.

"Nitawaandikia mimi mwenyewe leo. Nitawaambia mtu akiona taa inawaka kwenye ukungu atauliza umeme huu wa nani, na jibu liko pale pale anapouliza. Hapo jina linasomwa na mwenye haja nalo. Leo linasomewa mtu aliyevunjika mguu, anatuchukia." Akanywa chai yangu. "Na wakibisha, mkataba wameuandika wao."

Kufika Jumatatu kuta zote sitini na tatu zilikuwa zimeuliza na kujibiwa, na friji ya zahanati ilikuwa inanguruma. Kura yangu haikuhitajika tena; kanuni mpya ikabandikwa ofisi ya kata, ili nzige nao wafundishwe: rangi siyo jina.

*

Gaspari alishafika Jumapili. Hakungoja ya tatu. Alikuja na begi jipya, tupu, akaliweka kitandani kwa mama yake likiwa wazi.

Nilimkuta Lidwina amekaa pembeni ya begi, mikono mapajani. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ile bila sindano.

"Shikamoo, mama mdogo," Gaspari akaniambia.

"Marahaba. Umekuja kuiba?"

"Mama mdogo, usinifanye mbaya. Nalala huko nasikia madebe yenu."

Na kweli, uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Nikamwonea huruma, halafu nikamtega. Nikamwambia mbele ya Mwalimu, niliyekuja naye awe shahidi: mama yako aende kesho peke yake hadi kwa Salvina, anunue uzi, arudi. Asishikwe mkono. Kipuli chake kiseme kwa sauti jina, kazi na mlango, wewe ufuate nyuma hatua kumi usikie chote. Akikosea mlango mmoja, begi nitalipanga mimi mwenyewe. Asipokosea, neno Dar lisisikike tena nyumba hii.

Gaspari akatazama begi. "Nakubali."

Jumatatu saa nane mchana ukungu ulikuwa kama uji. Lidwina akatangulia na fimbo yake. Nyuma Gaspari, nyuma yake mimi, na nyuma yangu nusu ya Ilungwe imevua viatu ili isisikike.

"Kwa Kastori," kipuli kikasema. "Kuchomelea vyuma. Kizingiti kirefu." Fimbo ikagusa kizingiti, ikapita.

"Paradiso ya Kimataifa, panaitwa pia Kwa Mvujo." Mtu akacheka nyuma, akazibwa mdomo.

"Kwa Salvina. Nyuzi na sweta. Mlango unafunguka nje." Lidwina akarudi nyuma nusu hatua, akauvuta, akaingia. Tulisubiri nje tukipumua kwa zamu. Akatoka na mabunda mawili ya uzi wa kijani, akageuka mwenyewe kuelekea nyumbani kwa ile njia yake ndefu inayopita zahanati.

Mbele ya zahanati kigari kilimpisha, kikasubiri, kikaenda zake zahanati, si kwingine. Nikamwona Gaspari anajifuta uso kwa mkono wa koti. Akaongeza hatua akamfikia.

"Mama, nimeshindwa. Utakaa hapa. Sitalitaja tena."

"Nilikwambia," akasema Lidwina. "Ilikuwa ramani tu, mwanangu. Mimi sina kasoro."

Watu wakaanza kushangilia kwa minong'ono. Hapo ndipo tulipokuwa tumefika kwenye zile saa zinazogonga, na hakuna aliyekumbuka kuteremsha sauti ya kipuli.

"Kwa Otmari Mlelwa," kikasema. "Fundi saa. Mlango wa mbele unakwama, pitia wa nyuma. Ngazi tatu. Kiti chenye mto kiko kushoto karibu na jiko. Usikae cha kulia, mguu wake mbovu. Chai saa tisa."

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele.

"Nzige hawa," akasema Lidwina.

"Siku hizi wanaandika kila kitu," nikamsaidia.

Gaspari ni mhandisi, hawa watu hawaachi kitu. Akainama kwenye sikio la mama yake. "Kipuli, nani aliandika mstari huo wa mlango?"

"Lidwina Mgaya," kikajibu, kwa sauti ile ile ya upole. "Tarehe tisa Mei, saa tisa na dakika kumi alasiri."

Nikakumbuka nilipokuwa saa tisa na dakika kumi siku ile. Magoti yangu yalikumbuka pia.

"Mama," akasema Gaspari. "Tarehe tisa Mei ndiyo siku uliyopotea."

"Ee," akasema Lidwina. "Nilikuwa... niliandika ili mwingine asipotee."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Otmari, ambaye saa zake hazimpi nafasi ya kusikia habari za mji, alikuwa ameisikia fimbo tu. Akaja hadi kona ya ukuta, birika mkononi. "Lidi, leo umechelewa, nimeshapasha mara mbili." Halafu ukungu ukafunguka kidogo akaona tulivyo wengi.

Alikuwa amevaa sweta jipya la kijani. Zuri kweli, kifua chote kimekamilika, mkono wa kushoto umekamilika. Wa kulia haukuwepo.

Gaspari akalitazama sweta. Akayatazama yale mabunda mawili mikononi mwa mama yake.

"Na huo mkono wa pili, mama," akasema, "ulipanga kupotea lini ili uumalize?"

Lidwina akakivua kipuli, akakitia mfukoni, akafunga na kifungo, kana kwamba ndicho kilichosema uongo.